Yangeyange wa Mdomo wa Nzoia

Okinyi alianza kupoteza macho mwaka uleule ziwa lilipopanda likameza gati, na kati ya hayo mawili ni ziwa tu alilokubali kulizungumzia. Ungemkuta ufukoni kule chini ya Kisian, amekaa kwenye ukingo wa mashua yake na kikombe cha uji mkononi, angekueleza mpaka uchoke jinsi maji yalivyoingia kwenye vibanda vya samaki na jinsi viboko walivyolala katika shamba la mahindi la watu kana kwamba wamelipa kodi. Kuhusu macho, kimya. Ukungu ulianzia jicho la kushoto, mweupe kama maji yaliyooshewa mchele, ukahamia la kulia, naye akawaambia watu kwamba ni moshi wa jikoni kwa Maximilla ndio unaomsumbua. Maximilla ni mkewe, na anapikia gesi.

Alikuwa seremala kabla ya kuwa nahodha. Mashua yake aliiunda mwenyewe kwa miaka sita, tena si ufukoni bali mtaa wa Migosi, Kisumu mjini, nyuma ya nyumba za kupanga, na wapangaji wakampa jina la Nuhu na kumuuliza kila Jumapili kama mvua imekaribia. Siku ya kuitoa ilibidi ukuta ubomolewe. Landilodi alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, na Okinyi akaujenga ule ukuta upya kwa mikono yake mwenyewe. Akaipa mashua jina la Nyar Kisian, yaani binti wa Kisian, ingawa huyo binti kazaliwa Migosi.

Haikuwa mashua ya kuvulia. Ilikuwa ya kusafiria, ya watu wanaotaka kuzunguka ziwa polepole, wakilala ndani. Ilikuwa na vitanda viwili, jiko dogo la chai, tanga moja kubwa, na haikuwa na injini, maana Okinyi alichukia injini jinsi wengine wanavyochukia shemeji mlevi. Ujanja wake wote ulikuwa tumboni. Mashua nyingi za tanga zina mkuku mrefu chini, yaani uti wa mgongo wa mashua, na kwa hiyo hubaki kwenye maji marefu, zikiangalia ufuo kwa mbali. Ya Okinyi ilikuwa na tumbo bapa, na katikati ubao mzito wa kushusha na kupandisha kwa kamba. Ubao ukiwa chini, mashua inashika njia hata upepo uisukume ubavuni. Ubao ukiwa juu, inapita kwenye maji ya goti. Aliweza kuilaza ndani ya mafunjo, aliweza kuiingiza mtoni. Ndiyo maana yeye, peke yake miongoni mwa wenye mashua za kusafiria, aliweza kuvuka fungu la mto Nzoia.

Fungu hilo ni mchanga ambao mto unaumwaga mdomoni mwake, karibu na Port Victoria, na halina adabu. Leo liko hapa, mafuriko yakija kesho liko pale. Mto unasukuma maji kwenda nje, upepo wa mchana unasukuma mawimbi kwenda ndani, na vinapokutana juu ya mchanga maji yanasimama na kuvunjika. Njia ipo, lakini ni nyembamba, na haina alama. Watu wa pale huisoma kwa yangeyange, wale ndege weupe. Yangeyange ana mguu mfupi. Anaposimama majini, hapo maji hayafiki goti la mtoto, na anapokosekana, pita. Okinyi alifundishwa hivyo na baba yake mdogo, akaambiwa mtu atakudanganya, ndege hadanganyi.

Mtu wake wa mbele alikuwa Wakhisi, Mnyala wa hukohuko Port Victoria, mrefu, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza hadithi. Miaka kumi na miwili alisimama mbele ya Nyar Kisian na mti wake wa kupimia maji, akiuzamisha, akiutoa, akisema: kiuno, kiuno, goti. Na Okinyi, macho yalipoanza kwenda, alibuni ujanja ambao alijisifia nao kimoyomoyo. Alimgeuza Wakhisi mwanafunzi. Angemuuliza kwa sauti ya mwalimu, haya, wewe unaona nini pale? Wakhisi naye angejibu kwa utulivu, bila kuruka kitu: kuna mtumbwi mmoja, watu wawili, wavu uko kulia kwao, jiwe linaonekana kidogo. Okinyi angetikisa kichwa kama mtu anayesahihisha daftari na kusema, vizuri, unaanza kujua. Jamani, binadamu!

Maximilla alijua, bila shaka. Mke hafichwi kitu kama hicho kwa kuambiwa habari ya moshi. Alimsihi. Alimwambia huo ni mtoto wa jicho, unatolewa asubuhi na jioni mtu yuko nyumbani, mama mmoja wa kanisani kwao ametolewa na sasa anasoma Biblia na kuona hata wadudu kwenye mboga. Okinyi akasema atakwenda msimu ukiisha. Msimu uliisha mara nne. Ukweli ni kwamba hakuogopa kisu. Aliogopa kitambaa juu ya jicho, ufuo mzima ukimuuliza vipi, na wasafiri wakianza kuhesabu ni safari ngapi wamepelekwa na kipofu. Nani angepanda tena? Na Okinyi bila usukani, kwa jinsi alivyojiona, alikuwa ni mzee wa kushikwa mkono na kuonyeshwa choo kilipo. Afadhali afe.

Basi mwezi wa tano wakaja Mukhtar na mkewe Naeema, watu wa Kisumu mjini. Mukhtar alikuwa mtunza stoo aliyestaafu, na alitaka kuuona ufuo wote kutoka Kisumu hadi Port Victoria kabla magoti hayajamwambia basi. Naeema aliogopa maji, akaja hivyohivyo, na ndoo nzima ya sambusa. Siku nne walisafiri vizuri kupita kiasi. Walilala Asembo, wakapita mlango wa maji wa Mbita upepo ukiwa mpole, wakapanda kaskazini mpaka Usenge. Mukhtar aliuliza kila kitu na kuandika. Aliuliza hata Okinyi anajuaje upepo unageuka, na Okinyi akamwambia kwa sikio, jambo ambalo lilikuwa kweli kuliko Mukhtar alivyodhani.

Siku ya tano, saa tisa alasiri, walifika mbele ya mdomo wa Nzoia. Mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia yamesambaa ziwani, na juu ya fungu mawimbi yalikuwa yakivunjika. Wakhisi alirudi nyuma taratibu, akasema kwa sauti ya chini, wasafiri wasisikie, kwamba watie nanga hapa nje walale, waingie asubuhi upepo ukiwa umekufa. Ndivyo walivyofanya siku zote. Hata mtoto wa Port Victoria anajua fungu huvukwa asubuhi.

Lakini mdomo ule umetazama magharibi. Anayeingia asubuhi anaingia jua likiwa usoni, na jua la usoni, kwa jicho lenye ukungu, ni shuka jeupe lililotandazwa mbele yako. Asubuhi Okinyi hangeona hata Wakhisi. Mchana huu jua lilikuwa mgongoni, na bado aliweza kupambanua cheupe na cheusi. Hakulisema hilo. Alisema Mama Naeema amechoka, tumbo linamsumbua, tusimlaze kwenye mawimbi. Naeema hakuwa na tumbo la kumsumbua. Wakhisi alimtazama kwa muda, kisha akaenda mbele akachukua mti wake. Alivua jaketi la kuelea kama kawaida yake, kwa sababu lilimbana mikono wakati wa kupima.

Wakaingia. Upepo ulikuwa nyuma, mashua ikikimbia, na Okinyi akatafuta ndege. Akawaona. Msururu mweupe, wengi, wamesimama kwa utulivu palepale mbele ya mashua, mahali ambapo miezi mitatu nyuma palikuwa na njia. Moyo wake ukafurahi, maana yangeyange ndicho kitu pekee ambacho macho yale yalikuwa bado yanampa. Akajiambia mto umehama tena, mchanga umejaa hapo, njia imekwenda kulia. Akaanza kuzungusha usukani.

Alichokiona ni weupe. Kilichokuwa chini ya ule weupe hakukiona. Magugu maji yalikuwa yameshuka na mafuriko, yakakwama mdomoni, zulia la kijani la upana wa uwanja wa mpira, na wale ndege walikuwa wamesimama juu ya majani, chini yao maji yakizidi urefu wa watu wawili. Baba yake mdogo alimfundisha kabla gugu hilo halijafika ziwani, na tangu lilipofika kila nahodha hutazama kwanza ndege amekanyaga nini.

Wakhisi alipaza sauti, akaonyesha kwa mti wake. "Okinyi, pandisha ubao, nyoosha mbele. Hao wamesimama juu ya magugu. Njia iko chini yao."

Ingetosha. Tumbo lile bapa, ubao ukiwa juu, lingeteleza juu ya ukingo wa magugu kwa kukwaruza kidogo tu, na dakika tano baadaye wangekuwa mtoni wakila sambusa. Okinyi alisikia kila neno. Lakini Mukhtar alikuwa ameketi karibu yake na daftari lake, akamgeukia, akamuuliza kwani nahodha huoni magugu? Swali la mtu asiye na ubaya wowote. Uso wa Okinyi ukawaka moto.

"Naona," akasema. "Mimi ndiye nimeshika usukani."

Akageuza kulia, ubao ukiwa chini, kwa sababu mashua inayogeuka na upepo wa ubavuni inahitaji ubao. Mchanga ulikuwa hapohapo. Ubao ukajichimbia, mashua ikasimama ghafla kama punda, na wimbi lililofuata likaishika nyuma na kuizungusha upande. Mlingoti ukalala. Okinyi akajikuta ndani ya maji, akakanyaga chini, akasimama. Yalikuwa ya kiunoni. Upande wake Naeema alikuwa akipiga kelele na Mukhtar akimwambia simama, simama, ni mafupi. Kila aliyeangukia kulia alisimama. Wakhisi aliangukia kushoto.

Okinyi alimsikia mara moja. Haikuwa kilio, lilikuwa jina lake tu, Okinyi, kama mtu anayekuita uje umsaidie kubeba meza. Kisha ndege wote wakaruka kwa pamoja, na weupe ukajaa kila mahali, na asijue hiyo sauti imetokea wapi.

Wavuvi wawili waliokuwa karibu walifika upesi na mtumbwi wao. Wakawapakia Mukhtar na Naeema, wakamuuliza Okinyi swali moja ambalo ni la kwanza kuulizwa kwa yeyote aliyezamiwa na mwenzake: alianguka wapi? Na hapa, msomaji, ndipo ungependa kumshika mabega umtikise. Alikuwa na nafasi ya kusema sijui. Alikuwa na nafasi ya kusema sioni, nendeni pande zote, iteni watu. Maneno machache tu. Badala yake aliinua mkono akanyoosha kidole, kwa uhakika, kama nahodha, akaonyesha upande wa mchanga, nyuma ya mashua. Wakamwamini, kwani alikuwapo. Wakatafuta huko, wakipiga mbizi kwenye maji ya kiunoni, wakikanyaga kwa miguu, mpaka mmoja wao akasema hapa hata mbuzi hazami, tujaribu kwenye magugu. Kufikia hapo chai ingekwisha kuchemka na kupoa.

Wakhisi alipatikana kesho yake asubuhi, chini ya zulia, ngumi zote mbili zimeshika mizizi. Alikuwa mwogeleaji hodari kuliko wote pale. Lakini mtu aliye chini ya magugu hana juu. Kila anapopanda anagonga dari.

Wakamzika Jumanne, nyumbani kwao, nyuma ya Port Victoria. Watu walikuwa wengi. Na ubaya wa siku ile, kwa Okinyi, ni kwamba kila mtu alikuwa mwema kwake. Walimpa kiti mbele. Wazee walimshika mkono wakamwambia pole, ziwa lina mambo yake, gugu hilo ni laana, usijilaumu. Mukhtar alisimama na karatasi, akasoma kwamba nahodha alipambana mpaka mwisho, na hiyo karatasi alikuwa ameiandika kwa moyo safi. Okinyi aliinamisha kichwa. Kila pole ilimwingia kama mwiba, na kila aliyeitoa alidhani yale machozi ni ya uchungu tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitakuwa kifo cha nani, wala hawakusema kwamba huenda kisikuumbue, ukabaki hivyo, msafi mbele ya watu, na hapo ndipo kuna moto.

Jioni, watu walipoanza kupungua na spika za kanisa zikiendelea kuimba, Debra akaja akaketi kwenye kiti cha plastiki kando yake. Ni mjane wa Wakhisi, mwanamke mfupi anayeuza samaki wa kukaanga sokoni na ambaye hapotezi maneno. Okinyi alimjua kwa sauti.

"Baba Sheryl," Debra akasema, maana huko humwita hivyo kwa jina la bintiye, "wale wavuvi wameniambia uliwaonyesha upande wa mchanga. Nikawaambia hakuona. Wakasema aliona, alinyoosha kidole."

Okinyi akageuza uso upande wa spika. Debra akaendelea.

"Wakhisi alikuwa anajua. Miaka minne anajua. Ulipokuwa ukimuuliza unaona nini pale, alikuja akanisimulia, akasema rafiki yangu anaazima macho yangu na anaona haya kuomba, basi namwazima. Hapa walimtaka kwenye boti la injini, mwaka juzi na mwaka jana. Alikataa. Aliniambia nikimwacha huyo mtu atazama na watu wake." Akafungua fundo la leso yake. "Sikuja kukusamehe. Nimekuja kukupa kitu chako, kilikuwa kwenye shati lake la nyumbani."

Akamwekea kadi kiganjani. Okinyi akaisogeza usoni, karibu zaidi, karibu mpaka ikagusa pua. Ilikuwa weupe wenye mistari ya kijivu. Aliigeuza. Upande wa pili ulikuwa vilevile.

"Huwezi," Debra akasema, bila ukali, na akaichukua akamsomea. Kliniki ya macho. Jina, Okinyi. Kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Jumanne, saa mbili asubuhi. Mtu wa kumsindikiza mgonjwa, Wakhisi. Alikuwa amemwandikisha mwezi uliopita, akasema atamdanganya kwamba wanakwenda kununua mbao, kwa sababu kwa njia nyingine hangekubali. Jumanne yenyewe ilikuwa leo.

Akairudisha kadi kiganjani mwake. Okinyi aliishika kwa mikono miwili. Kifua chake kilikuwa kimejaa kitu kikubwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, tangu miaka minne ile, alihisi kinaanza kupanda kuja mdomoni. Hakuinua uso. Alianza polepole, akiwa amekitazama kiganja. Akasema sikuona. Akasema, Debra, mimi sikuona kitu, sikuona magugu, sikuona alikoangukia, niliwaonyesha tu popote ili nisiseme sioni. Aliniambia nyoosha mbele, nikasikia vizuri sana. Aliniita jina. Niliona haya, Debra. Nimemuua mtu kwa haya. Waambie wazee, waite warudi, mimi nitasimama niseme mbele yao, waite hata sasa. Alisema yote, hakubakiza, sauti ikimkatika na kurudi, na spika zikiimba juu yake. Kisha akangoja kofi, au kilio, au neno lolote.

Mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akikusanya viti akasimama mbele yake. Akainua kile cha kando na kukipachika juu ya vingine.

"Mzee," akamuuliza kwa upole, "unaongea na nani? Debra ameondoka zamani, alipokwisha kukupa hiyo kadi."